Hitilafu katika toleo la zamani la programu: Iripotiwe wapi, na kwa njia gani?

WATUMIAJI wengi wa tarakilishi hawafanyi kazi kwa toleo jipya kabisa la programu. Wana toleo la miaka miwili au mitatu iliyopita, lililowekwa na fundi wa ofisi, wa shule au wa kituo cha intaneti, nao huridhika nalo hadi siku linapogoma.

Siku hiyo huzuka swali linalowatatiza hata mafundi wazoefu: hitilafu hiyo iripotiwe kwa nani? Aliyeiandika programu huenda aliirekebisha zamani katika toleo jipya, naye anayeisambaza huenda hana habari kwamba katika toleo la zamani ingali ipo.

Ripoti ikipelekwa pasipostahili, hupotea. Mtumiaji hubaki na kero yake, mwandishi wa programu hupoteza muda akitafuta kosa ambalo halimo tena katika kazi yake, na watu wengine wenye toleo lilo hilo huendelea kuathirika kimyakimya.

Makala haya yanaeleza utaratibu ufaao. Mfano mkuu ni mfumo endeshi wa Debian, ambao taratibu zake zote ziko wazi kwa umma, na ambao ndio msingi wa Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kutolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004.

TOLEO THABITI NI LIPI?

Debian ilianzishwa Agosti 16, 1993 na Ian Murdock, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani. Hutunzwa na watu wa kujitolea kutoka mataifa mengi. Toleo lake la 12, lililotolewa Juni 10, 2023, lilikuwa na zaidi ya vifurushi 64,000 vya programu.

Kazi hiyo hupitia ngazi tatu. Programu mpya huingia kwanza katika toleo lisilo thabiti, liitwalo Sid. Isipoonyesha kasoro kubwa kwa siku kadhaa, hupandishwa hadi toleo la majaribio. Takriban kila baada ya miaka miwili toleo la majaribio husimamishwa, likasafishwa, kisha likatangazwa kuwa toleo thabiti.

Neno "thabiti" hapa halina maana kwamba programu haina kasoro. Maana yake ni kwamba haibadiliki. Nambari za programu zilizokuwamo siku ya kutolewa ndizo zitakazobaki humo, isipokuwa chache tu, kama vile kisakuzi cha Firefox, ambacho ni vigumu mno kukitunza bila kukisasisha chote.

Faida ya utaratibu huu ni kubwa. Benki, hospitali au shule huweza kupanga kazi yake ikijua kwamba programu haitageuka usiku kucha, wala haitalazimika kupakua mafurushi makubwa ya data kila wiki.

Hata hivyo, faida hiyo ina gharama yake. Kama vile mambo mema hayabadiliki, ndivyo na kasoro ndogondogo zilizokuwamo zinavyobaki humo kwa miaka, hata baada ya mwandishi wa programu kuzisahau.

MGOGORO WA MWAKA WA 2016

Ugumu wa jambo hili ulidhihirika Aprili 2016 katika mzozo ulioihusu XScreenSaver, programu inayopamba skrini iliyoachwa bila kuguswa na kuifunga kwa neno la siri. Iliandikwa na Jamie Zawinski, mmoja wa wataalamu wa awali wa kampuni ya Netscape, na imekuwapo tangu mwaka wa 1992.

Zawinski alikuwa amechoshwa na barua za watumiaji walioripoti hitilafu alizokwisha kuzirekebisha. Walikuwa na matoleo ya zamani yaliyosambazwa na Debian na wengineo, lakini jina lililoandikwa katika programu lilikuwa lake, kwa hiyo malalamiko yalimfikia yeye.

Ili kujikinga, alitia ndani ya programu onyo la kumwarifu mtumiaji kwamba toleo lake limezeeka mno na kwamba anapaswa kulisasisha. Watumiaji wa Debian 8, iliyotolewa Aprili 25, 2015, walishtuka kuliona onyo hilo kwenye skrini zao ilhali mfumo wao ulikuwa bado unatunzwa kikamilifu.

Kulipopendekezwa kwamba onyo liondolewe, Zawinski aliitaka Debian iache kuisambaza programu yake, ikiwa haikuwa tayari kuwapa watu toleo jipya. Hoja yake ilikuwa kwamba programu inayofunga skrini ni ngao ya usalama, na kwamba kuwaachia watu ngao kuukuu ni hatari.

Upande wa pili ulikuwa na hoja pia. Kifurushi kikibadilishwa kila mwandishi anapotaka, toleo thabiti haliwi thabiti tena. Isitoshe, leseni ya programu yenyewe inaruhusu mtu yeyote kuirekebisha na kuisambaza.

Mwishowe Debian haikuiondoa programu hiyo, na onyo lilizimwa katika kifurushi chake. Lakini funzo lilibaki. Pande zote mbili zilikuwa zikifanya kazi ya kujitolea, na zote mbili zilibebeshwa mzigo na ripoti zilizobisha hodi katika mlango usiokuwa wake.

NAMBARI YA TOLEO HAISEMI YOTE

Kosa la kwanza la watumiaji wengi ni kudhani kwamba nambari ndogo ya toleo ni ushahidi wa hatari. Katika toleo thabiti, wasambazaji huchukua marekebisho ya usalama kutoka toleo jipya na kuyapachika katika toleo la zamani, bila kugusa mengine yote.

Tukio la Heartbleed linaeleza vizuri. Aprili 7, 2014 ilitangazwa kwamba OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani, ina tundu linalovujisha siri kutoka kumbukumbu ya tarakilishi. Matoleo yaliyoathirika yalikuwa 1.0.1 hadi 1.0.1f, na dawa ilikuwa 1.0.1g.

Mtumiaji wa Debian 7 alikuwa na toleo 1.0.1e. Kwa hesabu ya kawaida, huyo alikuwa hatarini. Lakini Debian ilitoa kifurushi 1.0.1e-2+deb7u5, chenye jina la zamani na tundu lililokwisha kuzibwa. Herufi na tarakimu zile za mwisho ndizo zilizobeba habari muhimu.

Kinyume chake, aliyekuwa na Debian 6, ya zamani zaidi, hakuhitaji kufanya lolote kuhusu tundu hilo. Toleo lake la OpenSSL, 0.9.8, liliandikwa kabla ya kosa lile kuingia.

Kwa sababu hiyo, ripoti isemayo tu "nina toleo la 1.0.1e" haimsaidii mtu. Nambari nzima ya kifurushi, hadi tarakimu ya mwisho, ndiyo inayotakiwa.

KWA NINI MSAMBAZAJI AWE WA KWANZA

Kanuni ya jumla ni kwamba aliyepata programu kutoka kwa msambazaji wa mfumo, kama vile Debian au Ubuntu, aripoti kwa msambazaji huyo kwanza. Mtunzaji wa kifurushi ndiye ajuaye ni mabadiliko gani aliyoyatia, naye ndiye atakayeamua kama jambo lifikishwe kwa mwandishi wa asili.

Kuna hitilafu ambazo mwandishi wa asili hana habari nazo kabisa kwa kuwa si zake. Mfano mchungu ulifichuka Mei 13, 2008. Ilibainika kwamba badiliko lililofanywa na Debian yenyewe katika OpenSSL mnamo 2006 lilikuwa limedhoofisha uundaji wa funguo za siri.

Badala ya uwezekano usiohesabika, kila aina ya ufunguo ilikuwa na takriban uwezekano 32,768 tu, idadi ambayo mdukuzi anaweza kuijaribu yote kwa muda mfupi. Kosa hilo liliingia katika Debian 4.0, iliyotolewa Aprili 2007, na katika mifumo iliyojengwa juu yake. Waliosalia na toleo la kabla yake, 3.1, hawakuathirika kwa funguo walizojiundia wenyewe.

Aliyetafuta kasoro hiyo katika OpenSSL ya asili asingeiona. Ilikuwa ya msambazaji, na mlango wake ulikuwa kwa msambazaji.

KABLA YA KUTUMA RIPOTI

Tuseme mwalimu anayesimamia maabara ya tarakilishi katika shule ya upili anagundua kwamba programu ya kuandikia hujifunga kila anapochapisha ukurasa wenye jedwali. Mashine zote zina toleo thabiti la miaka mitatu iliyopita. Yapo mambo manne anayopaswa kuyafanya.

Kwanza, apokee masasisho yote ya toleo alilo nalo. Hatua hii haimtoi katika toleo thabiti. Humpa tu marekebisho ambayo yamekwisha kutolewa kwa ajili yake, na mara nyingine tatizo huishia hapo.

Pili, atafute kama hitilafu hiyo imeripotiwa. Debian huweka ripoti zake zote hadharani, na mwaka wa 2021 idadi ya ripoti zilizopewa nambari ilifika 1,000,000. Akiikuta ripoti ya tatizo lake, aongeze maelezo yake chini yake badala ya kufungua nyingine.

Tatu, ajaribu toleo jipya bila kuharibu la zamani. Mifumo mingi huweza kuwashwa kutoka kwenye flashi pasipo kuandika chochote katika diski ya mashine. Hitilafu ikitoweka katika toleo jipya, mtunzaji atajua kwamba dawa ipo na kilichobaki ni kuipachika katika toleo la zamani. Ikiendelea, basi ni ya kila mtu, na hata mwandishi wa asili atataka kuisikia.

Nne, ajiulize tatizo lilianza lini. Likiwa lilizuka mara tu baada ya sasisho la toleo thabiti, aripoti upesi na kulitaja sasisho hilo. Sasisho lililokusudiwa kuponya likileta ugonjwa mpya, watunzaji hulipa uzito, kwa maana huwafika watu wengi kwa wakati mmoja.

RIPOTI IWE NA NINI?

Ripoti njema hujibu maswali machache. Ni kifurushi gani, nambari yake nzima ni ipi, na mfumo wenyewe ni toleo gani? Mtumiaji alifanya nini, hatua kwa hatua? Alitarajia nini, na kilichotokea ni nini?

Ujumbe wa kosa unakiliwe neno kwa neno, si kwa muhtasari. Kauli kama "imekataa kufanya kazi" humwacha mtunzaji gizani, ilhali mstari mmoja wa ujumbe halisi huweza kumpeleka moja kwa moja penye kosa.

Debian ina programu iitwayo reportbug inayorahisisha kazi hii. Humwonyesha mtumiaji ripoti zilizopo kabla hajaongeza yake, hujaza nambari za vifurushi vinavyohusika, kisha hutuma yote kwa baruapepe. Hakuna haja ya kujisajili. Ni vyema kukumbuka kwamba barua hiyo huonekana na umma, pamoja na anwani ya aliyeituma, hivyo maneno ya siri na majina ya wateja au wanafunzi yaondolewe kwanza.

Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, jambo ambalo huwavunja moyo baadhi ya watu. Lakini hakuna anayetafuta ufasaha. Sentensi fupi, hatua zilizopewa nambari na ujumbe wa kosa ulionakiliwa vyatosha.

Kunayo hali moja isiyofaa kutangazwa. Mtu akigundua tundu la usalama ambalo halijulikani bado, amwandikie faraghani mtunzaji au kikosi cha usalama cha mfumo husika, ili dawa ipatikane kabla wahalifu hawajapata habari.

MAJIBU YA KUTARAJIWA

Ripoti za Debian hupangwa kwa ngazi saba za uzito, kuanzia kasoro ziwezazo kuharibu mfumo mzima au kupoteza data, hadi maombi ya nyongeza tu. Ngazi hiyo ndiyo huamua kwa kiasi kikubwa kama toleo thabiti litaguswa.

Kwa kawaida, ili rekebisho liingizwe katika toleo thabiti, hitilafu iwe yenye uzito, iwe imekwisha kurekebishwa katika toleo lisilo thabiti, na rekebisho lenyewe liwe dogo iwezekanavyo. Marekebisho ya namna hiyo hukusanywa na kutolewa kwa pamoja kila baada ya miezi michache.

Hapo ndipo watumiaji wengi hukasirika. Huona ripoti yao imetiwa alama ya "imekamilika", ilhali tatizo lingali katika mashine zao. Maana ya alama hiyo ni kwamba dawa imeingia katika toleo lisilo thabiti. Kumbukumbu za Debian huonyesha ni matoleo gani yenye kasoro na ni yapi yaliyorekebishwa, na mtumiaji ana haki ya kuuliza kwa adabu kama rekebisho linaweza kuletwa katika toleo lake.

Jibu likiwa la kukataa, si lazima liwe la dharau. Kosa la tahajia katika menyu, kwa mfano, huachwa hadi toleo lijalo, kwa kuwa kila badiliko, hata dogo, linaweza kuvunja kitu kingine. Hata hivyo ripoti hiyo haikuwa bure, maana toleo lijalo halitakuwa na kosa hilo.

MUDA UKIISHA

Kuripoti kuna maana tu wakati toleo lingali linatunzwa. Debian hutunza toleo thabiti kwa takriban miaka mitatu, kisha kikundi kingine hulitunza kwa masuala ya usalama hadi miaka mitano itimie. Debian 10, iliyotolewa Julai 6, 2019, ilifikia mwisho huo Juni 30, 2024.

Programu za kibiashara nazo zina siku zake. Msaada wa kawaida wa Windows 7 ulikoma Januari 14, 2020, na ule wa Windows 10 ukakoma Oktoba 14, 2025. Baada ya tarehe kama hizo, malalamiko kuhusu hitilafu kwa kawaida hupata jibu moja tu: hamia toleo jipya.

Basi msimamizi yeyote wa tarakilishi anapaswa kuijua tarehe ya mwisho ya kila toleo alilo nalo, na kupanga uhamisho kabla haijafika. Kuna tofauti kubwa kati ya toleo la zamani linalotunzwa na toleo lililotelekezwa, hata kama kwa macho yanafanana.

NUSU SEKUNDE ILIYOOKOA WENGI

Mwanzoni mwa 2024, mhandisi Andres Freund, anayefanya kazi katika Microsoft, aligundua kwamba kuingia kwa mbali katika tarakilishi yake ya Debian isiyo thabiti kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya ilivyokuwa desturi. Wengi wangepuuza. Yeye alifuatilia.

Machi 29, 2024 alitangaza aliyoyakuta: xz, programu ndogo ya kubana mafaili, ilikuwa imepandikizwa mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mlango huo ungempa aliyeupandikiza uwezo wa kuingia katika mashine za watu wengine.

Toleo thabiti la Debian la wakati huo lilikuwa na xz 5.4.1, nalo halikuguswa. Wenye matoleo ya zamani walisalimika bila hata kujua kwamba walikuwa wamenyemelewa, kwa sababu mwenzao aliyekuwa mbele aliona dalili ndogo, akaichunguza na kuieleza kwa ukamilifu.

Mtumiaji wa toleo thabiti hunufaika kila siku na ripoti za namna hiyo. Zipo kasoro, hata hivyo, ambazo walio mbele hawawezi kuziona kwa kuwa wamekwisha kuzipita, zikabaki katika mashine za maabara, kaunta na ofisi ambako toleo la zamani ndilo linalotumika. Hizo zitaonekana na mtu mmoja tu, yule aliyeketi mbele ya mashine hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua.